Mume Wangu Anataka Kuweka Kabro Uwanjani, Nami Sitaki

SWALI

Mama, habari za kazi?

Nakuandikia kutoka Nakuru. Mtaa sitautaja kwa sababu mume wangu ndiye mwenyekiti wa kamati, na huku kwetu watu wanajuana hadi kuku wa nani ametaga wapi. Mimi nina miaka 52, yeye ana 63. Tumeishi hapa tangu 1998.

Katikati ya nyumba zetu pana uwanja wa nyasi, ukubwa wake kama nusu ya uwanja wa mpira. Una miti tisa mikubwa, minne ni mijakaranda, mingine siijui majina. Watoto wangu watatu walijifunza kutembea pale. Siku hizi, niseme ukweli, si mahali pa kujivunia. Upande wa chini watu wanatupa taka. Ua la kayaba limeachwa likakua hadi likawa ukuta, na giza likiingia vijana wanajificha nyuma yake kuvuta bangi. Mwaka jana binti wa jirani aliporwa simu hapo saa moja jioni.

Sasa kamati inataka kung'oa kila kitu, iweke kabro, yale matofali ya saruji ya kusakafia, pawe maegesho ya magari na vibanda sita upande wa barabara. Kila gari litalipa shilingi 2,000 kwa mwezi na kila kibanda 3,500. Tuko nyumba 84 na magari 19, kwa hiyo wamepiga hesabu wakapata 59,000 kwa mwezi. Pesa hizo zilipe soja na taa.

Anayelisukuma jambo hili ni mzee wangu mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba alipostaafu mwaka 2022 akapatikana na sukari pamoja na presha, na ni uwanja huo huo uliomwinua. Daktari alimwambia atembee. Basi kila jioni yeye na wazee wenzake wawili wanazunguka mizunguko kumi wakibishana siasa. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 11, sasa inacheza kwenye 7. Nikimkumbusha ananiambia, "Ni dawa ndizo zinafanya kazi. Na kutembea, nitatembea hata juu ya kabro, tena bila matope."

Nilisoma mahali kwamba wanaoishi karibu na miti na nyasi wanaishi miaka mingi zaidi. Nilipomwambia alicheka. Akasema hizo ni hadithi za wazungu wenye nafasi, kwani babu zetu walizaliwa msituni na bado walikufa na miaka arobaini. Nilikosa jibu.

Mkutano ni baada ya wiki tatu. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama na kamati inataka sahihi yetu. Wenzangu wamegawanyika. Yule jirani ambaye bintiye aliporwa aliniambia, "Wewe unaipenda hiyo miti kwa sababu si mtoto wako aliyekuja nyumbani akitetemeka." Nilinyamaza.

Naomba uniambie: ni kweli huo uwanja unatusaidia kiafya, ama ninajipa moyo kwa sababu nimeuzoea? Na nikimpinga mzee mbele ya watu, si nitakuwa nimemvua nguo?

Jambo lingine dogo. Mjakaranda mmoja umesimama karibu na bomba letu la maji machafu nyuma ya jikoni. Mzee anasema mizizi ndiyo inayoliziba na mti ukatwe, kabro iwepo isiwepo. Hilo nalo ni kweli?

Mke wa Mwenyekiti, Nakuru

JIBU

Mke wa Mwenyekiti, nianze na babu zetu, maana mzee wako amekunyamazisha kwa hoja ambayo haisimami hata kwa mkongojo.

Babu zetu waliuawa na ndui, malaria, kuhara na uzazi. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto wadogo, na ukiwachanganya watoto hao na wazee kwenye hesabu moja, wastani unashuka hadi arobaini. Aliyevuka utotoni mara nyingi alizeeka, na sote tumewahi kumwona bibi aliyetembea na fimbo hadi wajukuu wakachoka kumhesabia miaka. Hakuna anayesema mti unazuia ndui. Kinachozungumzwa ni magonjwa ya polepole: presha, sukari, moyo, kiharusi, huzuni isiyoondoka. Hayo ndiyo yaliyoingia nyumbani kwako mwaka 2022.

Je, ni kweli? Ni kweli, ila si kwa ukubwa ambao pengine ungependa kumtupia mezani. Mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti tisa zilizofuatilia watu zaidi ya milioni nane katika nchi saba. Walitazama picha za setilaiti na kupima ukijani ndani ya mita 500 au chini kutoka nyumba ya mtu, kwa kipimo ambacho ardhi tupu hukaribia sifuri na msitu mnene hukaribia moja. Kila kipimo kilipopanda kwa 0.1, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 4. Hiyo ni kidogo. Huwezi kumtazama mzee wako ukaiona.

Nimekuwa muuguzi kliniki za huku magharibi kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali nililoulizwa kuliko yote ni la mgonjwa wa presha: "Sista, hizi tembe zinanifanyia nini, mbona sihisi tofauti yoyote?" Hahisi, na hatahisi. Kazi ya tembe ni kiharusi ambacho hakikutokea. Uwanja wenu uko kwenye fungu hilo la dawa, nao unazigusa nyumba zote 84 kwa wakati mmoja, kila siku, wakiwemo watoto ambao hawajui kama wanatibiwa.

Nikupe na udhaifu wa ushahidi huo, usije ukaupata mkutanoni. Kati ya nchi hizo saba hakuna hata moja ya Afrika. Pia, penye miti mara nyingi ndipo penye pesa. Hapo kwenu Nakuru mtu wa Milimani ana mijakaranda, lakini pia ana tangi la maji, bima, na gari la kumkimbiza hospitalini usiku wa manane. Wa Rhonda au Kaptembwo hana kivuli, na hayo mengine pia hana. Utajuaje ni mti uliomsaidia na si mshahara?

Kuna mdudu aliyelijibu swali hilo kidogo. Ni kombamwiko wa kijani, hapana, nisimsingizie. Ni mbawakawa mdogo kutoka Asia aliyegunduliwa Marekani karibu na Detroit mwaka 2002. Anakula mti uitwao ash, na ameua miti hiyo kwa mamilioni, barabara nzima zikabaki kipara. Mbawakawa haulizi mtu anapata mshahara gani. Watafiti wakalinganisha kaunti za majimbo 15 kati ya 1990 na 2007, wakakuta kwamba alipopita, vifo vya moyo na vya magonjwa ya mapafu viliongezeka, zaidi ya 21,000 kwa jumla kuliko ilivyotarajiwa. Watu walikuwa wale wale na nyumba zile zile. Kilichoondoka ni miti.

Sasa kuhusu kutembea juu ya kabro. Mzee ana haki hapa kwa kiasi: mguu haujali sana unakanyaga nini, na matope ya Aprili nayajua. Lakini mwambie aiwazie jioni yenyewe. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, hewa ni baridi lakini jua linachoma. Kabro inalinyonya jua hilo mchana kutwa na kulirudisha jioni. Mti hufanya kinyume, unakinga na kutoa unyevu kwenye majani, na pale chini yake unapumua. Tena saa kumi na mbili, saa ya mizunguko yao, ndipo yale magari 19 yatakuwa yanarudi nyumbani, yanageuza, yanarudi nyuma, yanatoa moshi. Mtu wa sukari ambaye pengine nyayo zake zimeanza kufa ganzi hafai kuwa anaruka-ruka kati ya magari gizani.

Na wale wazee wawili je? Hawa ndio nawaona kama nusu ya dawa. Mizunguko kumi bila mtu wa kubishana naye siasa ni adhabu, na adhabu huachwa baada ya wiki mbili. Watu hukutana mahali penye kivuli na pa kukaa. Sijawahi kuona wazee wakienda kupiga gumzo kwenye maegesho.

Ukitaka kipimo cha kumpa, kuna utafiti mwingine wa 2019 wa watu karibu 20,000 Uingereza. Waliotimiza dakika 120 kwa wiki mahali penye miti, nyasi au maji walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusema afya yao ni nzuri. Iwe ni safari moja ndefu au vipande vifupi, haikuleta tofauti. Mzee wako akizunguka dakika 20 kila jioni, kwa wiki ana 140. Ameshapita.

Lakini tembe zake asiziache hata siku moja kwa sababu ya safu hii. Kama sukari imeshuka kutoka 11 hadi 7, dawa na miguu vimesaidiana, na hakuna haja ya kuvigombanisha.

Tuje kwa jirani yako, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika barua yako. Hakukosea. Uwanja unaoogopwa hautembelewi, na usiotembelewa hauponyi mtu. Ukienda mkutanoni kutetea nyasi huku binti yake bado anazunguka njia ndefu kufika nyumbani, utashindwa, na ningekuwa pale huenda nami ningekupigia kura ya hapana.

Bahati nzuri jambo hili limejaribiwa kwa makini, tena katika mitaa yenye uhalifu kuliko wenu. Katika jiji la Philadelphia, Marekani, walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakavigawa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza walizoa taka, wakasawazisha, wakapanda nyasi na miti michache, wakaweka ua mfupi wa mbao. La pili walizoa taka tu. La tatu wakaliacha lilivyo. Kwenye fungu la kwanza wakazi wa karibu waliosema wamevunjika moyo na kuhuzunika walipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kuzoa taka peke yake hakukuleta badiliko la maana. Na katika mitaa ya watu maskini, pale palipotengenezwa viwanja, ufyatuaji wa risasi ulipungua kwa asilimia 29, na watu wakasema hawaogopi kutoka nje kama zamani. Siri haikuwa kung'oa, ilikuwa kuonekana kwamba mahali pana mwenyewe.

Kwa hiyo mpango wa chama chenu uanze na ile kayaba. Ikatwe hadi kiunoni, na ikishindikana kukatwa ing'olewe, sitailia. Matawi ya chini ya ile miti tisa yapunguzwe hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, ili mtu akisimama upande mmoja aone upande wa pili wote. Taa ya mulika mwizi moja ifike pale chini penye taka, na taka zihamishiwe mahali gari la kuzoa linafika. Kisha vibanda. Mimi siko dhidi ya vibanda kabisa! Viwili au vitatu pembeni, milango ikitazama ndani ya uwanja badala ya kuupa mgongo. Mama mboga anayefunga saa mbili usiku anaona kuliko kamera yoyote, na mtoto akipiga kelele anajua ni wa nani.

Magari yapewe ukanda mmoja kando ya barabara, yalipe. Hesabu yenu wenyewe inasema nyumba 65, pengine zaidi, hazina gari. Sielewi ni vipi uwanja wa nyumba 84 unakuwa wa magari 19, na swali hilo lingeulizwa kwa sauti ya upole tu mkutanoni lingetosha. Ni kweli mapato hayatafika 59,000. Ulizeni soja analipwa ngapi na taa ngapi, mlipe hayo. Sijaona katika barua yako pesa zilizobaki zilikuwa za nini.

Kuna jambo la kufanya hata kabla ya mkutano. Nendeni ofisi ya usajili wa ardhi mfanye upekuzi mjue uwanja huo umeandikwaje. Mitaa mingi ya zamani ilipimwa ikiwa na nafasi wazi zilizotengwa kwa matumizi ya umma. Kama wenu ni hivyo, kamati haina mamlaka ya kuugeuza, hata sahihi 84 zingepatikana. Kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na umma upewe nafasi ya kupinga. Kifungu cha 42 cha Katiba nacho kinatupa haki ya mazingira safi yenye afya. Simwambii mtu aende kortini dhidi ya mumewe, la hasha. Nasema tu kwamba mwenyekiti atakayejua haya mapema hataaibishwa na afisa wa kaunti mbele ya wapiga kura wake, na huo ni upendo pia.

Sasa hilo la kumvua nguo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wakubwa walimwambia mwanamke wa Kiafrika anayejiheshimu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, jengo halikujengwa, na bustani ipo. Lakini yeye alikuwa anapambana na serikali. Wewe unalala kitanda kimoja na mpinzani wako, na kesho unampikia chai. Silaha si zile zile.

Usimvizie mkutanoni. Mwambie leo, nyumbani, kwamba hutatia sahihi, na kwamba unamwambia yeye kwanza ili asisikie kwa mtu. Bora zaidi, nenda mkazunguke naye jioni moja wale wazee wakiwa hawapo. Msimame pale penye taka. Mwulize angependa pawe vipi, halafu nyamaza umsikilize, kwa sababu nadhani najua anachotafuta. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwenda kazini miaka thelathini, akastaafu, akaambiwa ana sukari, anatafuta kitu kimoja kionekane ambacho watu watasema "hiki alikifanya mwenyekiti fulani". Kabro inaonekana. Nyasi zilikuwepo kabla yake. Mpe kitu cha kuonekana: njia ya kutembea kuzunguka uwanja, iwekwe hata hiyo kabro yake upana wa watu watatu ili wazee wasikanyage matope, viti vinne chini ya mijakaranda, na ile taa. Naye ndiye awashe swichi siku ya kwanza, mpigieni vigelegele.

Na mkutanoni usisome wewe pendekezo la chama. Asome yule jirani. Mwendee kabla ya wiki hii kuisha, umwombe radhi kwa kunyamaza siku ile, umwulize binti yake angetaka taa ikae wapi. Yakitoka kinywani mwake hakuna atakayesema ni mke anampinga mume, na hakuna atakayesema ni watu wa miti wasiojua uchungu wa mtoto.

Mkikubaliana, pandeni mingine michache mwanzo wa mvua za Machi na Aprili, mashimo yawe tayari mapema. Msipande mikalitusi, inakua haraka, ndiyo, lakini inakunywa maji kama harusi na chini yake nyasi hazipendi kuota.

Kuhusu mjakaranda wa jikoni: mizizi huwa haitoboi bomba zima. Hufuata unyevu hadi kwenye kiungo ambacho tayari kimeachana, ndipo inaingia na kunenepa humo ndani. Mwite fundi wa mabomba achimbe pale panapoziba, abadilishe kipande hicho kwa bomba la plastiki lenye viungo vinavyobana. Mkikata mti na kuliacha bomba, maji machafu yataendelea kuvuja chini ya dirisha lako. Na risiti ya fundi mpelekee mwenyekiti, mti ni wa mtaa.